Mtu wa Mbari

Wambui alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimesimama nyuma ya jikoni kwetu Myanga, nikitazama kuku wakigombea maji ya kuoshea mchele. "Pastor," alisema. "Mama ametuacha. Tunamzika Alhamisi ya wiki ijayo. Utakuja?" Nilisema nitakuja hata kama ni kwa kutambaa. Nilipokata simu nilijikuta nikifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilisimama pale na fimbo yangu, nikasema neno moja kwa sauti, polepole, nikiusikiliza ulimi wangu unavyogeuka mdomoni. Mbali. Mbari. Mbali. Mke wangu alichungulia dirishani akauliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na kuku. Alinitazama kidogo, akaona macho yangu, akafunga dirisha bila kuniuliza zaidi.

Nimekuwa kasisi katika makanisa sita kabla ya kustaafu, na mawili kati ya hayo yalikuwa makubwa, yenye vioo vya rangi na vipaza sauti vinavyofanya kazi. Lakini nikisinzia mchana, kama ninavyosinzia siku hizi bila haya, kanisa linalonijia ni lile la kwanza, kanisa la mabati lililokuwa kwenye kituo kidogo barabara ya Kitale kwenda mji wa Kwanza. Kituo chenyewe kilikuwa na jina lake la serikali, ila kila mtu alikiita Mashine, kwa sababu ya mashine ya kusaga unga iliyonguruma hapo kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama. Nilifika Januari, nina miaka ishirini na saba, na kola mpya ikinikwaruza shingo. Barua iliyonituma ilikuwa fupi. Nikae mwaka mmoja, na mwisho wa mwaka baraza la kanisa liseme kama linanitaka niendelee au nirudishwe Bungoma. Sikuona la kuogopa katika barua hiyo. Nilikuwa nimepata alama nzuri za mahubiri chuoni, na nilidhani watu wa Mashine walikuwa wamekaa barabarani wakiningoja mimi.

Nyumba ya kasisi ilikuwa na vyumba vitatu na vyote vilikuwa na mahindi. Mwenzangu aliyenitangulia alikuwa ameondoka miaka miwili iliyopita, na watu wa Trans-Nzoia hawawezi kuvumilia kuona chumba kikavu kikikaa bure. Nilifungua chumba cha kulala nikakuta magunia ya sadaka ya mavuno hadi darini. Nilifungua cha pili, vivyo hivyo. Kitanda changu kilikuwa kimewekwa sebuleni, katikati ya magunia manne yaliyokosa nafasi kwingine, na meza yangu ya kuandikia mahubiri ilikuwa gunia la tano lililowekewa ubao. Nilinung'unika siku mbili tatu, kisha nikaanza kuipenda nyumba ile kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Asubuhi jua liliingia kwenye matundu ya misumari, na vumbi la mahindi likaelea ndani ya mwale, jeupe, bila haraka ya kutua. Wadudu walitafuna ndani ya magunia kwa sauti ndogo mno, na nilipolala chali nikiwasikiliza sikuwa na hakika kama niko macho. Hadi leo mvua ya rasharasha ikigusa bati sijui mara moja kama ni mvua au ni wao.

Jumapili yangu ya kwanza kanisa lilijaa. Karibu wote walikuwa Wakikuyu, watoto na wajukuu wa watu waliotoka mkoa wa kati wakanunua mashamba huku, na mimi ni Mbukusu wa Myanga. Nilikuwa nimewaza salamu yangu wiki nzima. Nilitaka kuanza kwa unyenyekevu, niseme kwamba mimi ni mtu wa mbali, wanipokee. Sasa, sisi watu wa Bungoma, l na r kwetu ni mapacha. Mmoja akiitwa, huitika yeyote aliye karibu na mlango. Nikapanda, nikashika kingo za mimbari, nikasema kwa sauti ya chuoni: "Ndugu zangu, mimi ni mtu wa mbari. Nipokeeni."

Kanisa likanyamaza. Mimi nikadhani wameguswa. Kisha upande wa akina mama mtu alikohoa kicheko, na kwenye benchi la tatu akasimama mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha samawati kichwani, ambaye baadaye nilijua ni Mama Wambui, mkubwa wa akina mama wa kanisa na mchuuzi wa mahindi soko la Moi's Bridge. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia: "Pastor, mbari ya nani?" Nilidhani anauliza kwetu ni wapi. "Ya Myanga, mama," nikajibu. "Bungoma." Kanisa zima likaangua kicheko, watoto wakacheka kwa sababu wakubwa wamecheka, na mimi nikacheka pia, nikiwa sijui chochote. Mtu mmoja tu hakucheka. Mwenyekiti wa baraza, Mzee Ndung'u, alikuwa na kofia yake magotini. Aliigeuza mara moja, akaigeuza mara ya pili, na macho yake hayakuniacha mpaka nikamaliza mahubiri.

Kesho yake saa saba mchana Mama Wambui alikuja na sufuria ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, iliyofungwa kwa leso. Aliingia, akayatazama magunia, akalitazama gunia la tano lenye Biblia yangu juu, akasema, "Hii mbari haina mtu wa kupikia. Wacha nianze mimi." Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, na bintiye Wambui alikuwa mwalimu wa chekechea pale pale karibu na mashine. Tangu siku hiyo nilikula kwake chakula cha mchana karibu kila siku. Jiko lake lilijitenga na nyumba, la mbao zilizokuwa nyeusi kwa moshi, na kulikuwa na kigoda kimoja kifupi ambacho baada ya mwezi hakuna mwingine alikikalia. Chai yake ilikuwa ya maziwa tupu, yenye harufu ya kuni. Nje ya mlango shamba liliteremka hadi bondeni, na siku zisizo na ukungu mlima Elgon ulionekana wote, umelala tu, samawati. Sijui kama nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimeshiba, nina joto, na watu walinitania, na katika umri ule nilidhani hivyo ndivyo kila kazi ya Mungu inavyokuwa.

Niliamka kutoka katika ndoto hiyo mwezi wa tatu, mvua za kwanza ziliponyesha. Mvua ya Kitale huja saa kumi alasiri, na siku hiyo wazee wa baraza walikuwa wakikutana nje, chini ya mti wa mkaratusi. Ilipowapata wakakimbilia barazani kwangu na kukaa kwenye magogo, wasijue kwamba nimelala ndani, ukuta mmoja tu kati yetu. Walizungumza Kikikuyu na mimi nikawa nasikiliza kama mtu anavyosikiliza mto, nikivua neno hapa na pale. Bungoma. Pastor. Mbari. Tena mbari. Kisha Mzee Ndung'u akahamia Kiswahili, kama watu wanavyofanya wakitaka neno liwe rasmi. "Yeye mwenyewe ndiye arisema, mbere ya watu. Ati ni mtu wa mbari. Sasa mbari ni nini kama si shamba? Baba yangu ndiye aritoa hii kiwanja ya kanisa. Reo ni kasisi, kesho anareta ndugu zake na sarveya wa kupima shamba. Mwaka ukiisha tupige kura, aende." Mtu akasema polepole kwamba huenda kijana hakuwa na maana hiyo. "Aritaja hata jina ya kwao," Mzee akasema. Mvua ikazidi, sikusikia tena.

Nilingoja waondoke, nikakimbia na matope hadi jikoni kwa Mama Wambui, nikamuuliza mbari ni nini. Aliweka mwiko chini. Alinieleza kwamba kwao mbari ni watu wa babu mmoja, pamoja na shamba lao, na kwamba mtu hawezi tu kuja kutoka huko nje akasimama mbele ya watu akajiita wa mbari. Nilianza kucheka. Mbali, nikasema, nilitaka kusema mbali! Yeye hakucheka. "Wewe ni kijana, hujui," alisema. "Huyu mzee na baba yake warishaambiwa na watu wa kwenu warudi kwao. Si mara moja. Kira wakati wa siasa. Sasa anakuja Mbukusu, na kora, anapanda pare juu anasema yeye ndiye mbari." Nikasimama, nikataka kwenda kwa Mzee jioni ile ile kueleza. Akanivuta kwa kanzu nikakaa. "Ukienda sasa, ataona umefundishwa ya kusema. Na utasema nini? Utasema tena mbari." Na kweli, nilijaribu kulisema pale kwenye kigoda, na likatoka lilivyotoka Jumapili ile. Niliona aibu iliyonifanya nitazame moto kwa muda mrefu.

Basi ndivyo masomo yangu yalivyoanza. Shida ilikuwa kwamba mwalimu wangu naye hakuwa na l hata ya dawa. "Sema mbari," alisema Mama Wambui. "Mbari." "Hapana. Mbari." "Si ndiyo nimesema?" Wambui akirudi kutoka shuleni alitukuta tumekasirikiana, watu wawili tunaorushiana neno moja. Yeye alikuwa amesoma chuo cha walimu na ulimi wake ulikuwa umenyooka. Akachukua ungo, akaweka punje za mahindi upande mmoja na maharagwe upande mwingine. Maharagwe ni r, alisema, kwa sababu yana r ndani yake. Mahindi ni l, kwa sababu hayana kitu kingine cha kufanya. Alitaja neno, nami nikagusa nilichosikia, kisha nikalisema. Kula. Kura. Kalamu. Karamu. Mahali. Mahari. Nikikosea, mama yake alicheka mpaka anashika ubavu, ilhali yeye mwenyewe akijaribu alikosea yote. Somo likiisha punje nilizozikosea zilimiminwa kwenye sufuria moja, maji yakatiwa, na kesho yake tukala githeri ya maneno niliyoyakosea. Niliwahi kumwambia Wambui kwamba siku nitakapopata yote tutalala njaa. Alisema kwa mwendo wangu hakuna hatari hiyo.

Baada ya Pasaka nilipata siku nne nikaenda nyumbani Myanga. Nilikuwa nimejaa malalamiko. Nilitaka mtu wa kwetu anihurumie, aseme Mzee Ndung'u ni mtu wa ajabu. Jioni ya mwisho mjomba wangu alikuja, akala busuma, ugali wa kwetu, na kuku, akajifuta mdomo, akaniuliza habari za huko kwa watu wangu wapya. Nikamwambia wananikalia vibaya. Mjomba akatabasamu, akaniinamia. "Wewe vumiria tu, mwana wetu," alisema. "Usigombane nao. Huko kote kurikuwa kwetu. Kaa pore pore, mwisho utatushikia nafasi." Wengine waliokuwa mezani wakaitikia kwa vichwa, na mtu akanisogezea paja la kuku. Sikulila. Nimezeeka sasa na nimewasamehe wote, mjomba alikuwa mtu mwema aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo. Lakini usiku wote ule, na njiani kurudi siku ya pili, niliwaza kwamba mzee yule wa Mashine alikuwa amemsikia mjomba wangu bila kuwahi kukutana naye. Alikuwa na haki ya kuigeuza kofia yake. Na mimi ambaye nilikuwa nikijihurumia nilijiona mdogo sana.

Nilirudi na miezi ikapita, nami naikumbuka kama mtu anavyokumbuka safari aliyosinzia njiani. Mahindi yalifika magotini, yakafika mabegani, na mwezi wa saba yakanipita urefu, nikawa naenda kutembelea wagonjwa nikipita ndani ya mahindi bila kuona mbele, nikiongozwa na kelele za mashine. Magunia nyumbani mwangu yaliuzwa moja moja hadi vyumba vikabaki vitupu, na sauti yangu ikaanza kunirudia ukutani nilipofanya mazoezi. Mzee Ndung'u nilimsalimu kila Jumapili. Alinipa mkono, akasema "Pastor," na mkono wake haukukaa mkononi mwangu. Nilizika ndugu yake mwezi wa nane. Nilisimama kaburini kwenye mvua mpaka udongo wa mwisho, naye akanishukuru mbele ya watu kwa adabu kamili, bila kunitazama. Novemba mavuno yalikuja. Yeye mwenyewe alileta magunia ya kwanza, akayashusha sebuleni kwangu, akatazama kitanda, akatazama vyumba viwili. "Hii nyumba itajaa mwezi huu," alisema. "Wewe utakaa wapi?" Sikujua kama anauliza habari za mahindi au za kura, na sikuthubutu kumuuliza. Nilikuwa nataka kubaki. Sikuwahi kutaka kitu hivyo. Nilitaka kuamka tena kwenye lile vumbi jeupe, na nikatembea nyuma ya kanisa nikalia kidogo, mtu mzima na kola yake.

Wiki ya kwanza ya Desemba Mzee alinipa karatasi iliyokunjwa. "Ni vizuri utangaze mwenyewe," alisema. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba Jumapili inayofuata, baada ya ibada, kutakuwa na kura ya kuamua habari ya kasisi. Niliona kwamba ananipima, na nikaona pia kwamba ni haki yangu kulisema neno hilo sawasawa, angalau niondoke nikiwa nimeshinda kitu kimoja. Nilikaa mbele ya ungo na Wambui siku sita. Jumamosi nilipata maharagwe kumi kwa kumi. Jumapili nikapanda mimbari, sikusoma karatasi yote maana nilitaka neno lile moja tu, nikasema tu: "Jumapili ijayo baada ya ibada kutakuwa na kura. Kila mtu abaki." R ile ilikuwa safi. Iliuzungusha ulimi wangu kama wa mtangazaji wa redio ya taifa. Wambui, kwenye kwaya, aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Nilishuka nikiwa na huzuni na majivuno kwa pamoja, kitu ambacho sijakihisi tena.

Kile ambacho mimi na Wambui hatukuwa tumekiwaza ni masikio. Jumapili iliyofuata nilifika kanisani mapema nikakuta akina mama wakiingia lango moja baada ya mwingine, na sufuria vichwani. Kulikuwa na mukimo, kulikuwa na githeri, kulikuwa na chapati zilizofunikwa kwa vitambaa, kuku wa kuchemsha, viazi, na chai kwenye mitungi. Mzee Ndung'u alikuwa amekaa mezani mbele ya kanisa na vipande vya karatasi alivyokata kwenye daftari la mjukuu wake, pamoja na mkebe wa mafuta aliouosha na kuutoboa tundu juu. Ibada ilikwisha na hakuna aliyemwendea. Walitandika mikeka uwanjani. Akatoka na mkebe wake mkononi. "Hii ni nini?" akauliza.

"Si Pastor arisema kura," akajibu Mama Wambui, akipanga sahani. "Ati kira mtu abaki. Tumebaki."

"Arisema kura," Mzee akasema. "Si kura."

"Ndiyo, Mzee. Kura."

"Si kura ya kukura. Kura. Ya kupiga kura." Akauinua mkebe ili watu waone. Uwanja mzima ulikuwa ukimsikiliza. Alifungua mdomo kusema mara nyingine, na nikaona usoni mwake anajisikia mwenyewe, kwamba maneno yote mawili yanatoka sawa, na kwamba hana namna ya kuyatenga. Mdomo ukafungika. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani amekasirika mpaka anatetemeka. Kumbe mzee yule, ambaye sikuwa nimeyaona meno yake mwaka mzima, alikuwa anacheka, akacheka mpaka akautua mkebe chini na kujifuta macho kwa kofia.

Alikuja na sahani yake, akakaa kando yangu kwenye benchi. Alikula chapati nzima. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Ire siku ya kwanza. Hapo juu. Uritaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema natoka mbali," nikasema. L yangu ilikuwa imara.

Akafikiri. "Mbari."

"Mbali, Mzee. Ile ya kupanda gari."

"Aaa. Mbari ya gari." Alitafuna mfupa wake polepole, akautazama, akauweka kando. "Mwaka wote nimengoja sarveya," alisema. Nami nikasema ukweli. Nikamwambia nilienda nyumbani na nikasikia watu wangu wanavyosema, na kwamba hakuwa amekosea kuogopa, na kwamba niliona aibu kwa ajili yake na kwa ajili yao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinyoosha mkono akaniwekea kipande cha kuku kwenye sahani, kutoka kwenye sahani yake. "Na hata hivyo," akasema, "Myanga si mbari." Mimi na yeye tukatazamana, na sijui hadi leo ni lipi kati ya yale mawili alilolisema. Karatasi za kura watu walizitumia kushikia chapati zilizokuwa na mafuta. Nilikaa Mashine miaka tisa.

Kuna swali nililolibeba miaka yote hiyo na sikuliuliza kamwe. Mama Wambui alinunua na kuuza mahindi Moi's Bridge na watu wa kila kabila, wenye lafudhi za kila namna, na sikuwahi kusikia kwamba ameelewa vibaya hata neno moja la mteja. Alikuwa ameketi jikoni siku zote sita nilipofanyia mazoezi neno lile, akituchagulia maharagwe. Na ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba wiki ile, nilikuja kusikia baadaye, akiwaambia akina mama wabebe nini. Nilipohamishwa niliendelea kumtembelea kila mwaka, kisha kila baada ya miaka miwili, kisha magoti yakakataa. Kila mara nilikalia kigoda kile. Kila mara swali lilifika mdomoni, naye akanimiminia chai, na nikaona ni afadhali nisijue.

Alhamisi ya mazishi ilikuwa ya jua. Mashine ya unga haipo tena, pana kituo cha mafuta, na kanisa ni la mawe. Mzee Ndung'u alitangulia zamani. Kasisi wa sasa ni msichana kutoka upande wa Lodwar, na nilipomsalimu niliona kola imemkwaruza shingo, nikamwambia apake mafuta. Walinikaribisha kwenye hema la wageni, pamoja na watu waliotoka Nakuru na Nairobi, wakatuletea chakula mapema kwa sababu tuna safari ya kurudi. Sikuweza kula. Nilitazama lile jiko, limeinama upande mmoja, mlango umefungwa kwa waya, na nililia waziwazi. Mama mmoja kutoka Nakuru akanipa kitambaa cha karatasi.

Kijana aliyeongoza mambo alikuwa mjukuu wa Mama Wambui, na kipaza sauti hakikutoka mkononi mwake. "Sasa wasee, tumalize na maua," alisema. "Nitaita group moja moja, tusisukumane." Akaita watu wa kanisa, wakaenda na kurudi. Akaita wafanyabiashara wa soko. Akaita wajukuu. Kisha akatazama karatasi yake, akatazama hema letu. "Sasa naomba watu wa mbari," akasema. Nikashika fimbo nikainuka. Mama wa Nakuru hakuinuka. Nilidhani amechoka. Nilipita katikati ya viti, nikateremka pole pole hadi kaburini, na hapo nikaona waliosimama. Walikuwa warefu wote, wenye paji la uso lile lile la Mama Wambui. Hapakuwa na mgeni hata mmoja. Nikajua nimefanya nini, mzee mzima, baada ya ungo wote ule.

Nilianza kurudi nyuma, lakini Wambui alikuwa ameshanishika kiwiko. Nywele zake ni nyeupe sasa. "Samahani, mwalimu," nikamnong'oneza. "Nilisikia mbali."

"Najua," akasema. "Mama aliacha amesema. Alisema tusikuite kwa jina, utakataa, utasema wewe ni mgeni. Alisema, iteni mbari. Atadhani ni ile ingine, atasimama mwenyewe."

Akanipa ua, akanisogeza kati yake na kaka yake, mahali walipokuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja.